Walimu wa Kujitolea na Vijana wa Kiungani

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi kutoa kina watoto wengi. Katika kutoa hupatikana kutolea, na katika kutolea hupatikana kujitolea, ambamo mtendaji ndiye pia kitu kinachotolewa. Mwenye kutoa fedha au nafaka hutoa sadaka, na akiisha kutoa hubaki yeye mwenyewe kama alivyokuwa. Bali mwenye kujitolea hutoa siku zake, nguvu zake, na mara nyingine uhai wake. Kwa sababu hiyo watu hulistahi sana jambo hili, na heshima hiyo yaweza kumzuia mwanahistoria asiulize swali lililo wazi: yule aliyetolewa kwake alikuwa nani, na yeye naye alitoa nini?

Swali hilo lafaa kuulizwa juu ya shule ya Kiungani, iliyokuwa pwani, kusini ya mji wa Unguja. Hapo, tangu miaka ya 1860 mpaka miaka ya 1920, watu waliotoka Uingereza pasipo mshahara waliwafundisha vijana wa Kiafrika chini ya kivuli cha kanisa. Habari za walimu hao zimeandikwa mara nyingi, na makaburi yao yana majina. Habari za wanafunzi wao zimetawanyika, na sehemu iliyo kubwa ya kazi yao imehesabiwa katika hesabu ya watu wengine.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilizaliwa kwa sababu ya hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwezi wa Desemba, mwaka wa 1857. Vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikashirikiana. Msafara wa kwanza, chini ya Askofu Charles Frederick Mackenzie, ulikaa Magomero, katika nchi ya milima karibu na mto Shire, mwaka wa 1861. Lakini homa, njaa na vita viliwavunja, na Mackenzie mwenyewe akafa mwezi wa Januari, 1862. Aliyemfuata, Askofu William George Tozer, aliona ya kuwa haifai kuwatuma watu bara kabla hawajapata mahali pa kusimamia. Mwaka wa 1864 akahamia Unguja, akiwa pamoja na rafiki yake Dakta Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kuwa padre wa shamba katika Lincolnshire.

Hawakuwa na wanafunzi. Wanafunzi wa kwanza walitoka mkononi mwa Sultani. Mwaka ule ule wa 1864 Seyyid Majid alimpa Tozer watoto watano wa kiume walionyang'anywa mfanya biashara wa watumwa. Baadaye waliongezeka wengine, waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza katika majahazi yaliyokuwa yakiwachukua watumwa kwenda Arabuni. Basi shule ile haikuanza kwa wazazi kuwaleta wana wao. Ilianza kwa watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wataka kusoma, na ambao hawakuwa na nyumba ya kurudi jioni. Jambo hili ni la msingi. Mwalimu alikuja kwa hiari yake. Mwanafunzi hakuja kwa hiari yake.

Masharti ya mwalimu yalikuwa magumu. Watumishi wa Misheni hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo ya mahitaji madogo, nayo Misheni iliwataka wawe watu wasiooa. Wengi wao walikuwa wametoka katika vyuo vikuu vya Kiingereza, ambako wangaliweza kupata kazi za heshima. Katika kisiwa walikuta ugonjwa ukiwangoja. Mwaka wa 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja. Mwezi wa Aprili, 1872, tufani kubwa iliangusha mikarafuu na nyumba, na majengo ya Misheni hayakusalimika. Wengi walikufa vijana, na wengine walirudishwa kwao wakiwa wamedhoofika. Si haki kuidharau sadaka ya namna hiyo.

Walakini si kweli kwamba kufundisha pasipo mshahara kulikuwa jambo geni katika pwani hii. Muda mrefu kabla ya majahazi ya Misheni kutia nanga, kila mtaa wa Unguja, Mombasa na Lamu ulikuwa na chuo, na chuoni kulikuwa na mwalimu aliyewafundisha watoto kusoma Kurani. Hakuna serikali iliyomlipa. Alipokea ada ndogo na zawadi mwanafunzi alipohitimu, naye alihesabu malipo yake makubwa kuwa kwa Mungu. Ndiyo maana wageni wale walikuta lugha iliyo tayari kwa kazi yao. Maneno mwalimu, mwanafunzi, chuo, kitabu, kalamu, ubao na wino hayakubuniwa na Misheni; yalikuwa yakitumika kila asubuhi katika baraza za Waislamu. Wageni walichukua vyombo vya chuo wakavitia katika shule, na neno lenyewe la shule halikuja kwao: watu wa bara walilipata kwa Wadachi, na Unguja hata leo yasema skuli, kwa kuwafuata Waingereza.

Ndani ya darasa la Kiungani palikuwa na hali isiyo ya kawaida. Mwalimu alikuwa Mwingereza, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza. Mwanafunzi alikuwa Myao, Mmakua, Mnyasa, au mtu wa kabila jingine la bara, na kwake pia Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, ambayo aliokota nusu yake njiani katika msafara wa watumwa na nusu yake Unguja. Wenye lugha, yaani Waswahili wa mjini, walikuwa nje ya darasa, na kwa sababu ya dini yao wasingeingia. Hivyo mwalimu na mwanafunzi walikutana katika lugha isiyokuwa ya mmoja wao. Mara nyingi kijana alimtangulia mwalimu wake, naye alimsahihisha. Katika saa za somo mmoja alikuwa mwalimu. Katika saa nyingine za siku mambo yaligeuka.

Steere ndiye aliyeitambua hali hii mapema kuliko wengine. Alikwenda kwa wenyeji wa mji kuitafuta lugha, akakaa na wasimulizi kama Hamisi wa Kayi, akaandika hadithi zao. Mwaka wa 1870 alipiga chapa vitabu viwili vilivyomjulisha kwa watu wa lugha, kimoja cha sarufi na msamiati, na kimoja cha hadithi za Unguja. Alikuwa pia amejifunza kazi ya kupiga chapa, na vijana wa shule wakafundishwa kuzipanga herufi. Kwa hiyo kurasa za kwanza za Kiswahili cha herufi za Kirumi katika kisiwa hiki zilipita katika vidole vya vijana waliokombolewa, nao walikuwa wasomaji wa kwanza wa kila mstari. Sentensi isiyofahamika kwa kijana wa Kiyao isingefaa kitu Masasi wala Nyasa, na mwandishi alijua upesi kama imefahamika au haikufahamika.

Alama ya kazi hiyo yaonekana katika maneno ya ibada. Palipokuwa na neno la Kiarabu lililozoeleka, lilichukuliwa: sala, imani, injili, msalaba, kanisa. Palipohitajiwa maana ambayo haikukaa vizuri katika neno la Kiislamu, neno lilitengenezwa kwa mzizi wa Kibantu: mwokozi kutoka kuokoa, mtakatifu kutoka kutakata. Padre alitoka kwa Wareno, waliotawala pwani hii karne mbili zilizotangulia. Ukiyapanga maneno hayo pamoja, waona kwamba dini iliyoletwa na watu wa Ulaya ilisemwa kwa kinywa cha pwani, na kwamba haikuwezekana kuifundisha pasipo kuazima kwa Waislamu, ambao ndio waliokuwa wakishindana nayo. Agano Jipya lilitoka mwaka wa 1883, mwaka mmoja baada ya Steere kufa, na Biblia nzima mwaka wa 1891. Jina la Steere lajulikana; vijana waliokaa naye katika kazi hiyo hawajulikani ila kwa wachache.

Mtu wa pili wa kutajwa ni Arthur Cornwallis Madan, msomi wa Christ Church, Oxford, aliyefundisha Kiungani katika miaka ya 1880. Yeye aliwaambia vijana waandike habari za maisha yao: walikozaliwa, desturi za kwao, jinsi walivyotekwa, na njia waliyopita mpaka kufika Unguja. Mwaka wa 1887 akazitoa katika kitabu kilichoitwa kwa jina la shule. Ni miongoni mwa maandishi machache ya karne ile ambamo waliokuwa watumwa husimulia wenyewe habari za utumwa wao wakiwa bado vijana. Ila kitabu hicho kilikuwa cha Kiingereza. Madan alitafsiri yale waliyoyaandika, akawapelekea wasomaji wa Uingereza, ambao michango yao ndiyo iliyoilisha shule. Sauti ya kijana ilifika mbali, lakini ilifika katika lugha asiyoiandika, kwa watu asiowajua, na kwa kazi ambayo si yeye aliyeichagua. Jirani yake wa Kiungani asingeweza kukisoma.

Majina nayo yana ushahidi wake. Katika orodha za Misheni hupatikana John Swedi, George Farajallah, Dallington Maftaa, Cecil Majaliwa. Jina la mbele ni la ubatizo. Jina la nyuma ni la aina waliyopewa watumwa mara nyingi na mabwana zao pwani, majina ya heri na ya shukrani: Farajallah ni faraja itokayo kwa Mungu, Majaliwa ni yale mtu aliyojaliwa. Kijana alikuwa na majina mawili mazuri, na yaelekea kwamba hata moja hakupewa na mamaye. Shule ilimpa mengi, lakini haikuweza kumrudishia lile la kwanza, wala yaonekana haikumwuliza sana.

Pamoja na hayo, vijana hao hawakubaki wapokeaji. Dallington Maftaa alifuatana na Stanley mpaka Buganda mwaka wa 1875. Stanley alipoondoka, kijana huyu alibaki katika jumba la Kabaka Mutesa kumsomea na kumweleza maneno ya Biblia, na kumwandikia barua zake. Wamisionari wa Kiingereza walifika huko mwaka wa 1877. Kwa hiyo kabla ya padre yeyote wa Ulaya kukaa Buganda, palikuwa na mwanafunzi wa Misheni ya Unguja aliyefundisha peke yake kwa Kiswahili, mbali na bahari mwendo wa miezi. Hakupewa daraja yoyote ya kanisa. Kama kujitolea ni kufanya kazi ya mafundisho katika nchi ya ugenini, mbali na walio wake, basi yeye alijitolea.

Mwaka wa 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kurudi bara, wakakaa Masasi. Walimu wa kijiji kile walitoka Unguja. Mwaka wa 1882 Wamagwangwara walikivamia, wakaua watu na kuchukua mateka; miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamekwisha kuonja utumwa mara moja. Katika nchi hiyo ndiko alikopelekwa Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury kuongeza elimu. Mwaka wa 1886 alikwenda Chitangali, akafanya kazi huko zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hiyo. Huko Chitangali alirudia lugha iliyokuwa yake kabla ya Kiswahili na kabla ya Kiingereza. Yale aliyoyapokea katika lugha ya ugenini aliyatoa tena katika lugha ya kwao; na hapo kazi ya shule ilifika mahali ambapo mwalimu wa Ulaya, hata awe na bidii namna gani, asingefika.

Vivyo hivyo upande wa wasichana. Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka wa 1871 kwa ajili ya watu waliokombolewa, palikuwa na shule yao. Caroline Thackeray alifika huko mwaka wa 1877, akakaa mpaka kufa kwake mwaka wa 1926. Wasichana aliowafundisha walikuwa walimu, na wengine waliolewa na walimu wa Kiungani, wakaenda bara pamoja nao. Kitabu cha kumbukumbu humtaja mume. Walakini shule za wasichana huko bara zisingesimama pasipo wake hao, ambao mara nyingi walifundisha asubuhi na kulima jioni.

Hapa ndipo ulipo ugumu ambao Misheni haikuumaliza. Mwalimu Mzungu hakupokea mshahara, naye hakuwa na mke wala mtoto, na nyuma yake palikuwa na jamaa ambao wangeweza kumpokea akichoka. Mwalimu Mwafrika alipokea mshahara mdogo, naye alikuwa na mke, watoto, na ndugu wa mke. Wale waliokombolewa hawakuwa na ukoo wa kuwategemea siku ya shida. Kijana aliyejua kusoma, kuandika na Kiingereza kidogo angeweza kupata zaidi katika ofisi ya serikali au katika duka la mfanya biashara. Akidai nyongeza mbele ya msimamizi asiyepokea kitu, dai lake lilikuwa jepesi kuonekana tamaa, na akiondoka kuondoka kwake kulikuwa kwepesi kuonekana uasi. Umaskini wa hiari ulifanywa kipimo cha umaskini usio wa hiari. Vitu hivyo viwili havipimwi kwa pishi moja, ijapokuwa kwa nje vyafanana: mmoja ana mlango wa kutokea, na mwingine hana.

Hata hivyo vijana walipata chombo ambacho hakikuwa rahisi kunyang'anywa, nacho ni kuandika. Tangu mwaka wa 1888 shule ya Kiungani ilitoa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa katika lugha hii. Humo habari za vituo vya bara zilisomwa na wenyewe katika lugha yao ya pamoja. Tofauti yake na kile kitabu cha mwaka wa 1887 ni kubwa kuliko miaka iliyopo kati yao: katika kitabu kijana alisimuliwa kwa wengine, katika gazeti alisimulia kwa wenziwe. Tena, Vita Kuu ya kwanza ilipozuka, serikali ya Wadachi iliwafunga walimu na mapadre Waafrika wa Misheni ya Kiingereza. Mmoja wao, Samuel Sehoza, mwanafunzi wa zamani wa Kiungani, aliandika kwa Kiswahili habari za mateso hayo katika kitabu Mwaka katika Minyororo, kilichotoka mwaka wa 1921. Baba zake katika shule ile walikuwa wamefungwa minyororo ya watumwa, na maneno yao yakatafsiriwa na mwalimu. Yeye alifungwa minyororo ya vita, na maneno yake aliyaandika mwenyewe.

Mwisho wa safari hiyo ya lugha wajulikana. Mwaka wa 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ijapokuwa wako waliokitetea Kimvita kwa nguvu, wakitaja fahari ya mashairi yake. Mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, na kamusi iliyotolewa chini yake mwaka wa 1939 ilijengwa juu ya kazi ya Madan. Watu wa pwani wamelalamika mara nyingi kwamba Kiswahili sanifu kina ladha ya kitabuni. Malalamiko hayo yana sababu, nayo hueleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka darasa la Kiungani. Kiswahili hicho kina wazee wa namna mbili: wasimulizi wa mji wa Unguja, waliokitoa kama walivyokirithi, na vijana wa bara, waliokipokea kama lugha ya wote, isiyo ya kabila lao wala ya mwalimu wao. Ufasaha ulitoka kwa wale wa kwanza. Haja ya lugha iliyo nyepesi, itakayofahamika kutoka Bonde mpaka Nyasa, ilitoka kwa hawa wa pili.

Katika miaka ya 1920 kazi ya Kiungani ilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, na shule hiyo baadaye ikawa ya serikali. Mbweni yamebaki magofu. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa na Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka wa 1873, bado lasimama, naye amezikwa humo. Hata leo vijana wa Ulaya na Marekani huja Afrika ya Mashariki kufundisha makanisani kwa majuma au miezi, nao hujulikana kwa neno lile lile la kujitolea. Kati yao na watu wa Kiungani kuna tofauti ya muda: Thackeray alikaa karibu miaka hamsini, na muda huo ndio uliompa lugha. Asiyekaa hapati lugha, na asiye na lugha hawezi kusahihishwa na mwanafunzi wake. Basi hutoa, asijue alichokipokea.

Kwa hiyo historia ya Kiungani haikamiliki kwa kuhesabu waliokuja, wala kwa kuwalaumu. Walitoa kweli, na wengi walitoa uhai. Lakini deni lililobaki katika daftari ile si la vijana peke yao. Wageni walipewa lugha, wakapewa hadithi, wakapewa walimu wa kwenda mahali wasipoweza kwenda wao, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitolewa na watoto ambao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa kila kitu kingine. Mwenye kuandika habari za kujitolea katika nchi hii hana budi kuandika majina ya pande zote mbili katika ukurasa mmoja.